Wiki Nzima kwa Mama, Bila Mama

Ijumaa, Agosti 1986. Shambani, Kathonzweni.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka ndani ya sufuria. Nimekaa kwenye kizingiti cha ghala, naandika haraka kabla mwanga haujaisha. Nina aibu, nina hasira kidogo, na goti langu la kulia limechubuka. Ya goti nitafika.

Leo ni siku ya saba ya likizo yetu. Keshokutwa tunarudi Nairobi, na ukiniuliza tumepumzika vipi nitakuambia ukweli: afadhali ningebaki kwenye cherehani yangu nikishona yunifomu za shule.

Kwa miezi mitatu niliwajaza watoto maneno. Mwende ana miaka kumi na miwili, hadanganyiki haraka, lakini Musyoka ana saba na alimeza kila kitu. Niliwaambia kwa Susu wao, yaani bibi yao, kuna ng'ombe wa maziwa, kuna michungwa, kuna punda wa kupanda. Tulipofika Jumamosi tulikuta ng'ombe alikufa kwenye ule ukame na Mama hakuniandikia. Machungwa ni madogo kama ndimu, na ndani ni makavu. Punda yupo, ila kazi yake ni maji, na Musyoka alipojaribu kumpanda aling'atwa mkono. Maji yenyewe yanachotwa kwenye mchanga wa mto, mwendo wa saa moja kwenda na saa moja kurudi. Chakula ni muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, mchana na jioni. Mwende amesoma gazeti moja mara nne, pamoja na matangazo ya vifo.

Hayo yote ningeyavumilia. Nimezaliwa hapa, najua Agosti ilivyo.

Kilichoniharibia wiki ni kwamba nimekuja kwa Mama na Mama hayupo. Tangu Jumanne asubuhi anaishi kwa Mama Ndunge, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, mahali ambapo nikipiga kelele ananisikia. Amehama nyumba yake mwenyewe kwa sababu yangu mimi.

Wacha niandike vizuri, maana kwenye karatasi angalau sitajidanganya.

Mwezi wa tano nililetewa kyondo alichonisukia Mama. Mama husuka vikapu tangu kabla sijazaliwa, na milia yake huwa imenyooka kama imepigwa rula. Hiki milia ilikuwa imepinda. Rangi nyekundu ilianza, ikapotea, ikatokea upande mwingine kwa bahati mbaya. Mimi ni fundi wa nguo, najua kazi ya mikono ikiachwa na macho inakuwaje. Nikamuuliza kwa barua, naye akanijibu kwa mwandiko wa Mama Ndunge kwamba ni vumbi tu. Baadaye nikasikia amejiunguza mkono kwa kushika sufuria mahali pasipo na mpini. Ni mtoto wa jicho. La kushoto limekwisha kuwa jeupe, na la kulia linalifuata.

Kanisani kwao walitangaza kwamba daktari wa macho atakuwa kwenye kituo cha afya karibu na Emali Jumamosi hii, siku moja tu. Anawapima watu, wale wa kupasuliwa wanaandikwa na kupelekwa. Akishaondoka harudi mpaka mwaka mwingine. Kutoka hapa mpaka Emali ni saa tatu za barabara ya vumbi, na gari nililoweza kupata ni moja tu, pikapu ya kazini kwa mume wangu, Baba Mwende, ambayo tajiri wake alimruhusu aje nayo likizo.

Kwa hiyo nilitaka pikapu. Na pikapu haiji bila dereva.

Barua ya Mama ilisema njoo na watoto. Haikumtaja mume wangu, na mimi nilijua kwa nini. Kwetu mama hakutani uso kwa uso na mume wa binti yake. Hiyo ndiyo nthoni, haya ya wakwe. Wakikutana njiani, mama anaingia kichakani na kujifunika leso mpaka mkwe apite. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na jikoni kwa mama mkwe mwanamume haingii hata kama nyumba inaungua. Baba alipokuwa hai haikuwa taabu. Baba Mwende alikuja kwa siku moja, akakaa nje na Baba, jioni akaondoka. Sasa Baba hayupo, kaka yangu yuko Mombasa, na nyumba ya kaka iliyoko pembeni ya boma, ambamo mkwe angeweza kulala, mchwa wameila mpaka dari limeshuka. Hilo la mchwa nilikuwa nalijua tangu Pasaka.

Baba Mwende hakujua lolote. Ni Mkamba wa nyumba za reli. Mama yake alifariki akimnyonyesha, akalelewa na mjomba wake Nairobi, na Kikamba chake kinawachekesha hata watoto. Aliponiuliza kama tumealikwa sote, nilisema ndiyo bila kumtazama. Nilijiambia Mama ameokoka miaka mingi, anaimba kwaya, mambo hayo atakuwa ameyaacha. Nilijiambia hivyo kwa sababu ilinifaa.

Tulipofika Mama aliwakumbatia watoto, akawapapasa nyuso kwa vidole. Mume wangu, Mama alimsalimia kwa sauti tu, akiwa nyuma ya ukuta wa jiko. Kisha bila neno akatuachia nyumba yake ya mabati, akahamisha godoro lake jikoni. Siku tatu alikuwa anatoka kabla hatujaamka na kurudi tukishaingia ndani. Mimi niliona yote hayo nikanyamaza. Kwa roho yangu nilikuwa nahesabu siku za kufika Jumamosi.

Jumanne Baba Mwende aliamka mapema kuliko sisi. Alimwona Mama kwa mbali akirudi na mzigo wa kuni mgongoni, akijikwaa, akiinuka, akiendelea. Roho ikamuuma. Akachemsha chai kwenye jiko letu la mafuta taa, akatia maziwa ya kopo tuliyokuja nayo, akaweka sukari vijiko vitatu. Akachukua kikombe, akainama, akaingia jikoni kwa mama mkwe wake.

Mama alikuwa amekaa chini, kichwa wazi, leso imeanguka mabegani, anachana nywele.

Mimi niliamshwa na kishindo cha kikombe. Nilipotoka, Mama alikuwa amekwishapitia mlango wa nyuma, anakata katikati ya mbaazi akiwa amejifunika leso kichwa kizima. Kwa macho yale, na leso usoni, alikuwa anapapasa mimea kwa mikono. Mume wangu alisimama mlangoni na suruali imelowa chai.

"Mimi nilitaka tu kumpea chai," alisema. "Si ni mama?"

Ningekuwa mke mwema ningemwambia palepale kwamba kosa ni langu. Nilimwambia usiku ule, na hakunigombeza. Aliuliza tu kama ile chai ilimwagikia Mama. Swali hilo limeniuma kuliko makelele.

Tangu siku hiyo amekuwa akijificha kama mwizi. Akitaka kwenda chooni anamtuma Musyoka kwanza aangalie kama Susu anapita. Mwanamume wa futi sita anakaa ndani ya pikapu mchana kutwa, vioo vimepandishwa, jua linamkaanga. Watoto wanadhani ni mchezo.

Jana nilivuka korongo nikaenda kuongea na Mama. Nilimkuta kwenye kivuli cha nyumba ya Mama Ndunge, anasuka. Alikuwa anaweka kila uzi kwenye ulimi kwanza, kana kwamba rangi ina ladha. Nilimweleza yote. Kwamba nilikuja kwa ajili ya macho yake, kwamba daktari ni Jumamosi, kwamba gari lipo na mafuta yapo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema nimefanya vizuri kumfikiria, na hataingia kwenye gari lile.

Nilimwomba. Nilimwambia hata mchungaji wao anapanda gari na mama mkwe wake. Akasema mchungaji ana mambo yake na Mungu. Nikamwambia Mungu hakuandika nthoni popote kwenye Biblia. Akasema kweli hakuandika, wala hakuandika kwamba mtu asile chakula amesimama njiani, lakini yeye hali amesimama. Basi nikakasirika, maana kwa ukaidi tumetoka tumbo moja, au niseme mimi nimetoka lake. Nikamuuliza anajificha nini na macho yenyewe hayaoni. Hata mkwe akikaa mbele yake atamwona kama moshi tu.

Akaacha kusuka.

"Mimi simwoni," alisema. "Yeye ananiona."

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Nilimwambia basi abaki na heshima yake, atakufa kipofu nayo, na wajukuu wake watamwongoza kwa fimbo. Nilisema hivyo mbele ya Mama Ndunge. Mama akaanza kutafuta uzi uliomponyoka, na mimi niliuona mahali ulipo na sikuuokota. Nikageuka nikaondoka.

Nililia njia nzima, na leo asubuhi nikaamka nimeamua. Kulia hakumfikishi mtu Emali.

Kwanza nilikwenda sokoni. Basi linapita Jumatatu na Alhamisi. Lori la kubeba mbaazi linaondoka Jumapili. Mwalimu mmoja ana pikipiki, nikamfikiria Mama juu ya pikipiki, nikarudi nyumbani. Njiani likanijia wazo ambalo lilionekana zuri sana. Kama mwenye shida ni dereva, basi dereva nitakuwa mimi.

Baba Mwende alisema haiwezekani. Nikamwambia nimeendesha cherehani ya miguu miaka kumi na minne, klachi itakuwa nini. Kwa sababu bado ananisikitikia, au labda kwa sababu bado anajiona na hatia asiyostahili, alinikalisha kwenye usukani pale kwenye shamba lililovunwa, akaniwekea mkono wangu kwenye gia. Mwende alikaa juu ya ukuta wa ghala na gazeti lake, na kwa mara ya kwanza wiki hii hakulisoma.

Gari liliruka kama mbuzi. Likazimika. Likaruka tena. Mara ya tano likakubali, nikaendesha vizuri kabisa, hatua mia moja hivi, na nilikuwa nimeanza kujisifu moyoni nilipoona mtaro wa kuzuia maji umenijia. Nilijua kuna breki. Nilikanyaga kitu kingine. Pikapu iliingia mtaroni pua mbele, magurudumu ya nyuma yakabaki hewani yakizunguka, na mimi nikagonga goti chini ya usukani. Musyoka alipiga makofi.

Walikuja wanawake sita waliokuwa wakivuna mbaazi jirani, na majembe yao. Walichimba, wakasukuma, wakacheka, wakachimba tena. Mmoja alisema Kalekye, yaani mimi, ameleta mashine ya kuchimba mitaro kutoka Nairobi. Walipoitoa, pikapu ilikuwa nzima isipokuwa bampa, ambayo sasa inaangalia upande wake. Baba Mwende akazunguka gari mara mbili, akaniambia kwa upole kwamba dereva nisiwe. Nikakubali. Sijafika mahali pa kuua mama ili kumponya.

Nilikaa chini kwenye vumbi, goti linatoka damu, nikafikiria njia ya nne. Nilikuwa nimefikia kwenda kumwomba mchungaji aendeshe, ingawa sijui kama anajua, nilipomwona Mama Ndunge anavuka korongo. Alikuwa anatembea polepole akijizuia kucheka. Akanikalisha pembeni, mbali na pikapu, kwa sababu mume wangu alikuwa ndani yake.

Mama amesikia kila kitu. Korongo lile linapitisha sauti, na injini ilinguruma muda wote ule. Alimuuliza Mama Ndunge ni nani anayelia vile, ni gari au ni punda. Alipoelezwa kwamba ni mimi ninajifunza kuendesha ili nimpeleke Emali kesho, akaweka kyondo chini. Halafu akamtuma.

"Amesema hivi," Mama Ndunge aliniambia. "Afadhali nibebwe na mkwe wangu kuliko niuawe na mtoto wangu."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, na Mama Ndunge akanishika bega.

Lakini Mama ana masharti, na alimrudisha Mama Ndunge mara mbili asije akasahau hata moja. Hatakaa mbele. Atakaa nyuma, kwenye bodi ya pikapu, juu ya magunia, mgongo wake ukiwa umeelekea kichwa cha gari. Kati yake na kioo cha nyuma lifungwe turubai. Dereva aingie garini kabla yeye hajatoka nyumbani, na asishuke mpaka yeye awe ameshaingia kwa daktari. Asimsalimie. Asiulize kwa sauti kama Mama yuko salama. Kama kuna mashimo, apunguze mwendo mwenyewe bila kuambiwa. Mwende akae naye nyuma amshike mkono.

Mwisho alisema nisimhurumie kwa kukaa nyuma. Magunia ya mbaazi yanakaa nyuma na yanafika Emali, naye atakwenda kama mzigo na atarudi kama mtu.

Nilikwenda kumwambia mume wangu. Niliogopa hapa kuliko mtaroni. Tangu Jumanne amefungwa ndani ya gari kwa kosa langu, na sasa nilikuwa namletea orodha ya mambo asiyotakiwa kufanya, kutoka kwa mwanamke aliyemkimbia alipomletea kikombe cha chai. Nilikuwa nimejiandaa kujibu. Nilijua angesema watu wa huku wamebaki nyuma, au angeuliza yeye ni nani, tarishi?

Alisikiliza masharti yote. Akauliza turubai liko wapi. Nikamwonyesha ghalani, akalichukua, akalikung'uta, akaenda.

Sikumfuata. Nilienda kwa Mama, peke yangu, kumwomba msamaha wa jana. Nilipiga magoti, lile zima na lile bovu, nikasema niliyoyasema hayakuwa ya kusemwa na mtoto. Mama alinitafuta kichwa kwa mkono, akakipata, akakishika. Aliniambia kwamba yeye pia amekosa kunificha habari ya ng'ombe na ya macho. Kisha akaniuliza chai ile ilikuwa na sukari vijiko vingapi. Nikamwambia vitatu. Akasema ni vingi, lakini mtoto aliyekua bila mama atajulia wapi.

Niliporudi jua lilikuwa linaegemea milimani. Turubai lilikuwa limefungwa, kamba zimekazwa kote, na magunia yamepangwa na godoro la watoto juu yake. Baba Mwende alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, bisibisi mkononi, ulimi nje kama Musyoka akiandika. Nikadhani nimeharibu kitu kingine wakati wa kuendesha, nikasogea kuangalia.

Alikuwa anafungua skrubu za kioo cha ndani, kile kidogo cha kuangalizia nyuma. Kilitoka. Akakifuta kwa shati lake, akakifunga ndani ya fulana ya Musyoka, akakiweka chini ya kiti.

Hakuna aliyemwagiza. Mama hakutaja kioo, kwa sababu Mama hajawahi kukaa mbele ya gari akajua kwamba kipo. Mimi sikutaja kwa sababu sikukumbuka. Turubai lipo na lingetosha, lakini lina matundu mawili, na upepo ukilinyanyua kona moja, dereva akiinua macho, angemwona.

Nilimuuliza ataonaje ya nyuma barabarani, na kuna malori mengi tukishafika lami.

"Ya nyuma utaniambia wewe," alisema.

Nilimshika shingo nikambusu pale pale hadharani, mbele ya watoto na mbele ya punda, jambo ambalo kwa Mama Ndunge litazungumzwa mpaka Krismasi.

Sasa mwanga umekwisha karibu wote na herufi zangu zinapanda mistari. Likizo imeniharibikia, siwezi kusema vingine. Watoto hawatataka kurudi, pikapu ina bampa ya kumweleza tajiri, na mama yangu nimekaa naye saa mbili tu kwa siku saba. Sijali tena. Daktari anaweza kusema jicho moja halifai. Anaweza kusema yote mawili yamechelewa. Nimejitayarisha kusikia hilo nikiwa nimesimama, na kama atasema yapasuliwe, sirudi Nairobi Jumapili. Yunifomu zitangoja, na mwenye kukasirika akasirike.

Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri. Nitakaa mbele, kando ya mume wangu, nimegeuza shingo dirishani kutazama nyuma kutoka hapa mpaka Emali. Shingo itapona. Macho ya Mama ndiyo hayangoji.